Mheshimiwa Kiboko Aliyekanyaga Panapostahili

Paukwa!

— Pakawa!

Mpo?

— Tupo!

Mmekaa?

— Tumekaa!

Kaeni nyinyi. Mimi sikai. Hadithi hii inawasha kama upupu, nikiikalia itanitoka vibaya. Semeni "na ije" niitoe.

— Na ije!

Haya, inakuja mbio, ina tope mpaka magotini na haina adabu hata kidogo. Ipisheni.

Hapo kale, tena si kale ya babu zenu, kale yenyewe, wanyama walikuwa na Baraza Kuu, na kila jimbo lilipeleka mbunge mmoja. Jimbo la Kitopeni lilikuwa dogo: bwawa moja, matete kidogo, na tope pande zote. Wakazi wake nao walikuwa wadogo wadogo: vyura, kaa, kanga, digidigi, nguchiro wasiotulia na kobe mmoja. Mkubwa alikuwa mmoja tu, Kiboko. Sasa wadogo wakikaa kuchagua mkubwa, wanachagua nini? Wanachagua ukubwa! Walisema, "Kinywa kile kikifunguka Barazani, nani atatunyima kitu?" Wakamchagua Kiboko. Kinywa kikafunguka kweli. Kikafunguka kula.

Kando ya bwawa hilo aliishi Bi Chura. Mdogo wa mwili, mkubwa wa sauti, na tumboni mwake hakukuwa na siri inayokaa zaidi ya siku mbili. Mwaka huo alikuwa na watoto mia mbili na kumi, viluwiluwi watupu, kichwa na mkia basi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mguu. Miguu ingeota baada ya mwezi.

Na huko Barazani kulikuwa na hoja. Nyati, mbunge wa Mabondeni, alitaka uchimbwe mfereji, maji yote ya Kitopeni yateremke kwenye shamba lake la miwa. Hoja ikisomwa mara tatu ikapita mara tatu, ni sheria. Ilikwisha kusomwa mara mbili. Ilikwisha kupita mara mbili. Ya tatu ilikuwa imebakiza siku tisa.

"Siku tisa!" Bi Chura alisema peke yake. Akaruka upande huu, pwata! Akaruka upande ule, pwata! Digidigi atahama. Kanga atahama. Kobe naye atahama, atafika mwakani. Kiluwiluwi anahamaje? Maji yakiondoka, kiluwiluwi anabaki juu ya tope, anajipiga mkia mara mbili tatu, basi. Bi Chura aliwatazama watoto wake wakifukuzana majini bila habari, akaingiwa na hofu ya kweli. Akaruka tena, pwata! Kukaa hakukaliki.

Siku hiyo hiyo Mheshimiwa Kiboko akarudi jimboni. Ilikuwa desturi yake: akitoka Barazani, lazima mkutano wa hadhara. Ardhi ikatikisika, gudu! gudu! gudu! Akajitupa majini, chubwiii! Akapiga miayo, haaaa! Wananchi wakashangilia wakidhani hotuba imeanza.

"Kitopeni oyee!"

"Oyee!"

"Bwawa letu oyee!"

"Oyeee!"

"Ndugu zangu, nimewapigania! Kule kuna kazi! Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena!"

"Riri! riri! riri!" Hivyo ni vigelegele vya Bi Kanga, mwenyekiti wa vigelegele jimbo zima. Ukimpa Bi Kanga nafasi ya kupumua, anapiga kigelegele.

Hapo Bi Chura akainua mkono. Lakini ngojeni kwanza, msipolijua hili mtapotea. Mnajua Baraza lile lilipigaje kura? Kwa miguu! Mbele ya kichuguu cha Spika kulikuwa na viwanja viwili vya udongo mbichi, na njia nyembamba katikati. Mbunge akisimama katikati akamtazama Spika, kulia kwake ni udongo mwekundu, wa kukubali. Kushoto kwake ni udongo mweusi, wa kukataa. Anakanyaga mara moja, anaondoka. Udongo unakauka na unyayo wake ndani. Unyayo haufutwi, haurudiwi, hauombewi radhi. Mmeshika?

— Tumeshika!

Basi Bi Chura akauliza, "Mheshimiwa, kwenye hoja ya maji, ulikanyaga wapi?"

Kiboko akatabasamu meno yote. "Swali zuri sana. Namshukuru mama kwa swali lake. Nilikanyaga panapostahili."

"Riri! riri! riri!"

"Panapostahili ni kulia au kushoto?"

"Mama, mbunge makini anawakanyagia wote, wa kulia na wa kushoto."

"Riri! riri! riri!"

"Mheshimiwa, ulikanyaga wapi?"

"Nilikanyaga kwa uzito!" Kiboko akasema, akapiga tumbo lake, pu! pu! Watu wakacheka mpaka wakashikana. Nani tena amsikilize Bi Chura?

Kisha Kiboko akagawa zawadi. Alifungua kinywa akamwaga makapi ya miwa aliyokwisha kuyatafuna mwenyewe, wananchi wakayagombania. Nguchiro wakavutana. Bi Kanga alipata kipande kimoja, akakinyonya amefumba macho. Bi Chura akanusa. Muwa! Kitopeni nzima hakuoti muwa hata mmoja. Muwa huu umetoka wapi? Alimwuliza Bi Kanga.

"Mwenzangu," alisema Bi Kanga, "ukipewa kitamu unanyonya. Mambo ya kuuliza asili yake ni ya wenye njaa ya maneno."

Mkutano ulipokwisha, Kiboko akamwita Bi Chura pembeni, penye matete.

"Bi Chura, una sauti."

"Nimezaliwa nayo, Mheshimiwa."

"Sauti kubwa kama hiyo isikae nje ikapigwa na jua. Kuanzia leo wewe ni katibu mwenezi wangu."

"Kazi yangu nini?"

"Ninayosema mimi, unayasema wewe, kwa sauti zaidi. Maswali unayaacha."

"Na ofisi yangu?"

"Juu ya kichwa changu, katikati ya masikio."

Bi Chura akafikiri kidogo tu. Kisha akaruka, pwata! Akakaa ofisini. Pale Kitopeni walianza kusema kwamba Bi Chura amenunuliwa. Tena hawakunong'ona, walisema ili asikie. Akasikia, na ikamuuma. Lakini juu ya kichwa cha kiboko mtu anaona mbali, na mwenye watoto mia mbili na kumi wasio na miguu hana muda wa kununa.

Kesho yake wakaenda Barazani kuandaa kikao. Baraza lilikuwa boma la ua wa miiba, ua wenyewe kimo cha bega la kiboko. Wananchi hawaruhusiwi kuingia. Mwisho wao langoni. Lakini nani amzuie katibu mwenezi aliye kichwani mwa mbunge? Ndani, kandokando ya ua, ulipangwa udongo wa kura za zamani, umekauka ngangari. Bi Chura akatazama. Akaona unyayo mpana kama ungo, vidole vinne. Hoja ya maji, mara ya kwanza: udongo mwekundu. Akatazama mwingine. Mpana kama ungo, vidole vinne. Hoja ya maji, mara ya pili: udongo mwekundu.

Ilibaki kidogo apige kelele. Alimeza mate, akameza na kelele.

Mara Nyati akaja, amebeba mzigo wa miwa juu ya pembe, anahema fff! fff!

"Kama kawaida?" akauliza Nyati.

"Kama kawaida," Kiboko akasema, "kulia." Akapokea miwa, krau! krau! krau! Maji yake matamu yakatiririka mpaka shingoni. Bi Chura akakaa pale juu, amejaa ghadhabu, anasikiliza watoto wake wakitafunwa.

Waliporudi, alimkimbilia Bi Kanga. "Mwenzangu, nimeona kwa macho yangu! Amekanyaga mwekundu mara zote mbili! Anatuuza kwa miwa!"

Bi Kanga alichakura chini, akachakura tena, akasema, "Shoga, cheo umepata juzi, leo unataka kiti chenyewe?"

"Unyayo wake upo pale!"

"Unyayo nani hana? Mimi Mheshimiwa kanipa muwa kwa kinywa chake mwenyewe. Wewe umenipa nini, zaidi ya kelele?"

Akamwendea Digidigi. Digidigi akasikiliza nusu, akashtuka na jani, akakimbia. Akamwendea Kobe. Kobe akasema atalifikiria. Siku zikabaki saba. Zikabaki sita. Bi Chura hakuwa anakula. Akikaa kwenye jani, jani linamchoma. Akiingia majini, watoto wanamzunguka, anatoka. Usiniulize alilala saa ngapi, maana hata kusimama alisimama akiruka.

Siku ya tano kabla ya kura walikuwa njiani, yeye yuko ofisini kichwani, Kiboko anatembea gudu! gudu! gudu! Mara, krachi!

"Mheshimiwa, umekanyaga nyumba ya Kaa!"

"Nyumba gani? Iko wapi?" Kiboko akainamisha kichwa atazame. Tumbo likatangulia. Akainama upande huu, tumbo. Akainama upande ule, tumbo.

Kaa akatoka kwenye vifusi vyake, akapunga gando, akatukana tusi ambalo mimi hapa sitalisema mbele ya wazee.

"Mheshimiwa," Bi Chura akasema polepole, "miguu yako huioni?"

"Tangu nipate ubunge sijaiona."

"Sasa kule Barazani unajuaje udongo upi ni upi?"

"Kulia ni ndiyo, kushoto ni siyo. Mbunge mzoefu hatazami chini, mama. Anatazama mbele, ananyanyua mguu, kwisha."

Bi Chura akanyamaza. Akanyamaza mpaka Kiboko akauliza kama amekwisha kuanguka. Mashavu yalikuwa yamemvimba huku na huku. Alikuwa anazuia kicheko.

"Mheshimiwa," akasema, "kuna maneno mitaani."

"Maneno gani?"

"Uchaguzi unakaribia, na wanasema hakuna aliyewahi kukuona ukipiga kura hata mara moja."

"Nani kasema?"

"Wote." Uongo mtupu, jamani! Hakuna aliyekuwa na mawazo hayo. Lakini Kiboko alisimama ghafla, masikio yakacheza, Bi Chura akayumba.

"Sasa nifanyeje?"

"Waje wakuone."

"Waje? Wakaone nikika—" Akajiuma ulimi. "Wakaone nikifanya kazi nzito vile? Watachoka."

"Mheshimiwa, mimi ni mtu wako. Nimekaa juu ya kichwa chako, siku ile ya Nyati nilikuwepo. Tuseme ukweli sisi wawili. Wananchi watasimama langoni, nje ya ua, na lango limefungwa. Ua unakufika begani. Wataona nini? Kichwa."

"Na mguu?"

"Mguu nani ataona? Wewe mwenyewe huuoni."

Kiboko akawaza. Ungesikia wazo likipita mle ndani, kru, kru, kru. "Lakini lango liko nyuma yangu. Nikimtazama Spika, wao wataona kisogo."

"Basi si uwageukie? Wewe siku zote unakanyaga wa mwisho, kwa sababu ukitangulia udongo wote unaruka wenzako wakakosa pa kukanyaga. Simama katikati, wape wananchi uso, wape meno, halafu fanya ya kawaida. Uso wao, mguu wa Nyati. Nani kapunjwa?"

Kiboko akacheka mpaka matete yakalala. "Bi Chura! Wewe ulitakiwa uzaliwe mbunge!"

"Nilikosa tumbo, Mheshimiwa."

Mnaicheka, eeh? Mnaiona inakokwenda?

— Tunaiona!

Hamuioni. Ngojeni.

Bi Chura akarudi Kitopeni akapaza sauti, na safari hii walimsikiliza, kwa kuwa alisema wanachopenda. "Kwaaa! Kwaaa! Mheshimiwa anawaalika Barazani! Kuna shangwe! Kila mwenye mikono aje na makofi, mwenye koo aje na vigelegele! Mkisikia tu mguu wake umetua, shangilieni!" Kobe aliondoka saa ile ile, ili afike siku ile.

Siku ikafika. Jua kali, ua wa miiba, wananchi wa Kitopeni wamebanana langoni. Bi Kanga yuko mbele kabisa, koo tayari. Ndani, wabunge kumi na watatu. Spika Mbuni akapanda kichuguu, shingo juu, akatangaza sheria.

"Hoja ya maji, mara ya tatu! Wakati wa kukanyaga, ndani ya ua huu hakuna kusema. Mbunge atakayefungua mdomo kabla nyayo zote hazijatua, hoja yake inatupwa na yeye anatupwa!"

Kimya. Mbunge wa kwanza akaenda katikati, akamtazama Spika, akakanyaga kulia. Pwa! Mwekundu. Wa pili kushoto. Pwa! Mweusi. Pwa, kulia. Pwa, kushoto. Pwa! Pwa! Pwa! Nyati mwenyewe alikanyaga kulia kwa hasira mpaka udongo ukamrukia Spika. Mbunge wa kumi na mbili alipokwisha kukanyaga, nyekundu zilikuwa sita na nyeusi zilikuwa sita.

Akabaki Kiboko. Gudu. Gudu. Gudu. Akafika katikati. Bi Chura yuko kati ya masikio, moyo unampiga du! du! du! mpaka akaogopa Kiboko atausikia fuvuni.

Kiboko akaanza kugeuka. Polepole, kama gari la mizigo kwenye uchochoro, tumbo kwanza, kisha kichwa. Akampa Spika kisogo. Akawapa wananchi uso. Akawapa meno.

Nyati akaona. Macho yakamtoka! Yeye hakuwa na tumbo la kumziba. Aliona vizuri sana kwamba mtu akigeuka, kulia kwake kunahama. Lakini atasemaje? Akifungua mdomo hoja yake inatupwa. Akahema kwa pua, fff! Akachimba ardhi kwa kwato. Akatikisa kichwa hivi, akatikisa kichwa hivi. Fff! Fff! Kiboko akasikia akafikiri, "Nyati anafurahi." Akampepea sikio moja.

Kisha Kiboko akainua mguu. Wa kushoto!

Bi Chura akaganda. Kushoto kwake sasa kulikuwa na udongo mwekundu. Akiutua hapo, kwisha habari. Mguu uko juu. Bi Chura hawezi kusema, hawezi kuruka, hawezi kufanya lolote ila kutazama. Mguu ukasogea. Mguu ukajikuna kwenye ule wa kulia. Palikuwa na inzi! Inzi akaruka, mguu ukarudi mahali pake, katikati. Lo! Mimi mwenyewe nikifika hapo kila mara napumua.

Kiboko akawatazama wananchi wake wapenzi. Akainua mguu wa kulia, kama kawaida, bila kutazama chini, kama mbunge mzoefu.

PWAAA!

Udongo mweusi ukaruka mpaka langoni.

"Riri! riri! riri! riri!" Bi Kanga akapasua anga, na wote nyuma yake wakapiga makofi, hawajui wanashangilia nini.

Spika Mbuni akateremsha shingo, akatazama, akapandisha shingo. "Mweusi! Saba wamekataa, sita wamekubali. Hoja imeanguka. Mfereji hauchimbwi. Maji ya Kitopeni yatabaki Kitopeni!"

Sasa makofi yakapata maana. Digidigi akaruka bila kushtushwa na kitu. Kaa akapunga magando yote mawili. Na Bi Chura, pale juu, machozi yakamtoka waziwazi, wala hakuyafuta.

Kiboko alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki peke yake, mwenyewe ameondoka. Mweusi? Mweusi vipi? Akafungua kinywa aseme, "Mheshimiwa Spika, nimekosea, mimi nilitaka mwekundu." Akatazama mbele. Jimbo zima linamtazama. Akisema amekosea mguu, itabidi aseme alitaka kuuweka wapi.

Kinywa kikabaki wazi. Inzi wawili wakaingia wakatoka.

Bi Chura akainamia sikio lake. "Sema, Mheshimiwa. Wanakusikiliza."

"Ni... ni... nimewapigania!" akalia Kiboko.

"Riri! riri! riri!"

Nyati hakungoja vigelegele viishe. Aliinamisha pembe, akaja. Kiboko akavunja ua, krachi! Akaangukia nje, katikati ya wananchi wake, nao wakamzunguka kwa furaha, wakamshika kila mahali panaposhikika. Nyati akasimama ghafla, vumbi likampita. Kulikuwa na sheria: mbunge akiwa katikati ya wapiga kura wake, haguswi. Ilikuwa sheria ya zamani sana na haikuwahi kutumika hata siku moja, maana hakuna mbunge aliyewahi kukutwa hapo.

"Utatoka," Nyati akasema. "Siku moja utatoka hapo katikati. Nakungoja njiani."

Basi Kiboko akarudi Kitopeni katikati ya wapiga kura wake. Na hakutoka tena. Aende wapi? Njiani yuko Nyati. Asubuhi Kiboko yuko bwawani. Mchana yuko bwawani. Mwanzo wananchi walifurahi mno. Mheshimiwa yuko nasi! Asubuhi mkutano wa hadhara, mchana mkutano wa hadhara, na kila mkutano anasimulia alivyoutafuta ule udongo mweusi kwa ujasiri. Kila akisimulia, udongo unakuwa mbali zaidi na yeye anakuwa jasiri zaidi. Bi Kanga alipiga vigelegele wiki ya kwanza. Wiki ya pili sauti ikamkauka. Wiki ya tatu akimwona Mheshimiwa anafungua kinywa, anajifanya analalia mayai.

"Mheshimiwa," akamwuliza kwa heshima, "huna kikao mahali?"

"Kikao changu ni nyinyi," Kiboko akasema. "Kitopeni oyee!"

"Oyee," wakajibu watatu.

Naye Bi Chura? Hakuna aliyemwambia asante. Bi Kanga alimwambia, "Unaona? Ulikuwa unamshuku mtu wa watu bure." Bi Chura akaitikia, "Naona, mwenzangu." Akarudi kwenye jani lake, akalala usingizi wa mchana, wa kwanza tangu hoja ianze.

Mwezi ukaisha. Viluwiluwi wakaota miguu ya nyuma. Wakaota miguu ya mbele. Mikia ikaondoka. Siku moja asubuhi wakatoka majini wote kwa pamoja, pwata! pwata! pwata! vyura mia mbili na kumi, wazima, wakatafuta mahali pa kukaa. Wakaona palipoinuka, papana, pakavu, katikati ya bwawa. Wakapanda mgongoni kwa Mheshimiwa, wakapanga mistari mpaka kichwani.

Kila mmoja alikuwa na sauti ya mama yake. Na kila mmoja alikuwa na swali.

Kiboko akatazama njiani. Akaona vumbi na pembe mbili. Akatazama juu, akapiga miayo, na akaanza kujibu moja moja.

Basi hadithi yangu imefika ukingoni, inanawa miguu. Ikiwa tamu, gawaneni, msimnyime aliyekaa mlangoni. Ikiwa chungu, nirudishieni niitie chumvi.

Mnataka fundisho? Mnalo! Fundisho ni kwamba mbunge aachwe afanye kazi yake kwa utulivu. Msimwulize kakanyaga wapi, na msiende kusimama langoni mkamtazama, mtamchanganya. Wahenga hawakukosea: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Mmesikia?

— Tumesikia!

Mmeamini?

— ...

Haya, sasa naweza kukaa.